Waliojifunza kwa Miguu

Mwaka 1909 Nairobi ilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Reli iliyotoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, na kambi ya mafundi ikageuka mji wa mabati, vumbi na tope. Katika mji huo mchanga, maofisa kadhaa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi waliopenda kukusanya ndege, wadudu na mimea walikutana wakaunda chama. Rais wao wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, ofisa aliyekuwa akifuatilia ndege wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1880 na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Mwaka 1910 jarida lao likaanza kutoka, na makusanyo yao ya ngozi za ndege, vipepeo waliochomwa pini na majani makavu yakapata jengo dogo la kuhifadhiwa. Hapo ndipo ulipo mzizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na chama chenyewe kingali hai hadi leo kwa jina la Nature Kenya.

Mapenzi yale hayakuwa na mshahara. Jackson mchana alikuwa mtawala. Ndege walikuwa wa saa zake za mapumziko. Mwenzake, Kenneth St. Aubyn Rogers, alikuwa mmisionari aliyeshika Biblia kwa mkono mmoja na wavu wa vipepeo kwa mwingine. Lakini kulikuwa na sharti ambalo halikuandikwa katika katiba ya chama chochote: mtu wa kujitolea namna hiyo alihitaji nafasi, bunduki, wapagazi na ngozi nyeupe.

Waafrika walikuwepo katika kila safari ya ukusanyaji. Ndio waliojua ndege yupi hulala wapi, mti gani huvutia vipepeo baada ya mvua, nyoka gani wa kuachwa apite. Walitega, walibeba, walichuna ngozi na kuzijaza pamba. Kibandiko kilipofungwa mguuni mwa ndege kiliandikwa mahali, tarehe na jina la bwana aliyeongoza safari. Majina ya wengi wa wale wengine hayakuandikwa.

Ni muhimu kulisema hili mapema, kwa sababu historia ya uhifadhi Afrika Mashariki mara nyingi husimuliwa kana kwamba wenyeji walifundishwa kupenda misitu yao. Wamijikenda wa pwani walikuwa wamezilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa karne kadhaa. Wazee waliweka miiko juu ya kukata miti, na kijana aliijua miiko hiyo kwa kutembea na mzee, akioneshwa hiki na kukatazwa kile. Wawaata waliwinda katika misitu ya nyuma ya Malindi wakizisoma nyayo moja moja. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia katika vyumba ambamo maamuzi juu ya misitu hiyo yalifanywa, na mlango huo umekuwa ukifunguliwa kwa muda mrefu sana, inchi kwa inchi, na zaidi na watu wasiolipwa.

Mwaka 1930 makumbusho yalihamia kilimani, yalipo hadi leo, yakaitwa Coryndon kwa jina la gavana aliyekuwa amefariki. Mwaka 1946 Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza nchini. Serengeti, upande wa Tanganyika, ikafuata mwaka 1951. Kwa wanyama ilikuwa neema. Kwa mtoto wa Kibera au wa Ukambani ilikuwa kitu kingine kabisa: hifadhi ziliwekewa lango, na kupita langoni kulihitaji gari na kiingilio. Kizazi kizima kilikua karibu na tembo na simba bila kuwaona isipokuwa walipovamia shamba au zizi, na hayo si mazingira ya kumfanya mtu awapende.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, ambalo wengi hulichanganya na lile la mwaka 1967 la ujamaa. Alisema wazi kwamba kuwahifadhi wanyama kunahitaji watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa chini ya Kilimanjaro kuwafundisha maofisa wa wanyamapori wa Kiafrika. Hao walikuwa maofisa, watu wa cheo na mshahara. Raia wa kawaida, mwalimu wa shule ya msingi, kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa kazi, bado hakuwa na pa kuanzia.

Jibu lilitoka kwa wanafunzi. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari nchini Kenya waliunda Wildlife Clubs of Kenya, muungano wa vilabu vya wanyamapori mashuleni, wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, na ndiyo maana ukashika. Kila shule iwe na kilabu, kila kilabu kiwe na mwalimu mlezi. Wanachama wakutane baada ya masomo, wapande miti, wazungumze, waandike, wachore, na angalau mara moja wapelekwe hifadhini kwa basi. Magari yenye sinema yalizunguka mikoani kuonesha filamu za wanyama katika shule zisizokuwa na umeme. Jarida la vilabu likaitwa Komba, jina la mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru kikajengwa kituo cha malazi ambako wanafunzi waliweza kulala kwa gharama nafuu, na asubuhi waamkie heroe.

Ni vigumu leo kueleza uzito wa basi lile. Mtoto aliyekuwa akisikia juu ya twiga katika somo la jiografia aliona shingo ikipita juu ya mgunga. Alirudi nyumbani akasimulia, na jioni hiyo katika boma moja la mbali hifadhi ikaacha kuwa mahali pa Wazungu na serikali peke yao. Wako walinzi wa hifadhi, walimu wa baiolojia na watafiti wengi wa Kenya ambao ukiwauliza walianzia wapi hutaja kilabu cha shule kabla ya kutaja chuo kikuu. Hakuna semina ya wiki moja ya watu wazima iliyowahi kufanya kazi kama hiyo.

Mbegu ikavuka mipaka. Uganda ilianzisha vilabu vyake mwaka 1975, wakati wa utawala wa Idi Amin, kipindi ambacho wanyama wa hifadhi zake walikuwa wakiuawa kwa maelfu. Tanzania ikafuata katika miaka ya 1980 kwa vilabu vya Malihai, vyenye makao yake Arusha. Kisha Februari 1991, kibarazani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam, kikundi kidogo cha wanafunzi kilikutana kulalamika juu ya mambo waliyoyaona, uvuvi wa baruti miongoni mwake, na katika mazungumzo hayo kikaanzishwa Roots & Shoots, ambacho sasa kina vikundi katika nchi nyingi duniani. Goodall mwenyewe alikuwa tunda la mlango uliofunguka: alifika Kenya mwaka 1957 bila shahada yoyote, akaajiriwa kama katibu wa mtafiti Louis Leakey katika makumbusho yale yale ya Coryndon, na miaka mitatu baadaye akaenda Gombe kuwatazama sokwe.

Wakati vilabu vya shule vikikua, mjini Nairobi lilianza jambo dogo ambalo halikuwa na bajeti wala jengo. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno, mwanachama wa kile chama cha 1909, alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, kuanzia makumbusho. Fleur alikuwa mke wa mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, na katika miaka hiyo ya 1970 waliwachapishia watoto jarida la Rainbow. Hakuwa profesa wa ndege. Alikuwa mtu mwenye subira, daftari na darubini, aliyeamini kwamba mtu yeyote akioneshwa vizuri ataona.

Matembezi hayo yakaendelea wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, kupita nusu karne.

Anayejiunga kwa mara ya kwanza hukuta kundi la mchanganyiko: mstaafu, mwanafunzi wa chuo, mama aliyekuja mjini kwa shughuli nyingine, kijana anayetaka kuwa kiongozi wa watalii na hana karo ya chuo cha utalii. Huyu wa mwisho ndiye ambaye historia inamdai shukrani zaidi. Kwa miaka mingi, kijana wa Kenya aliyetaka kujua ndege alikabiliwa na kitabu ghali na darubini ghali zaidi. Jumatano alipewa darubini ya mwenzake kwa zamu. Alijifunza kusikiliza kabla ya kutazama. Kutaja ndege yuko wapi kwa kutumia mti na tawi, si kwa kunyoosha kidole na kusema "pale". Kuandika alichokiona kweli na kuacha alichokikisia. Alijifunza kutofautisha chozi mmoja na mwingine kwa mdomo na kifua, na kutaabika na wale ndege wadogo wa kahawia ambao huwasumbua hata mabingwa. Miaka miwili mitatu ya Jumatano huzaa mtu anayeweza kumwongoza mgeni Kakamega au Arabuko-Sokoke na kulipwa.

Nje ya mji, shule nyingine, hii ya usiku, ilikuwa imeanza bila kutarajiwa. Mwaka 1969 hoteli ya Ngulia ilifunguliwa kwenye ukingo wa milima ya Tsavo Magharibi, ikiwa na taa kali za kuwamulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Ikaonekana kwamba katika usiku wa Novemba na Desemba, mwezi ukiwa mdogo na ukungu ukiwa mzito, maelfu ya ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia walivutwa na mwanga ule wakashuka vichakani. Wapenda ndege wa kujitolea, Graeme Backhurst na David Pearson wakiwa mstari wa mbele, wakaanza kutandika nyavu nyembamba, kuwavisha ndege pete ndogo za chuma zenye namba, kuwapima na kuwaachia. Tangu hapo kazi hiyo imerudiwa karibu kila mwaka, na ndege waliovishwa pete ni mamia ya maelfu.

Kazi yenyewe haina starehe. Watu hukesha, hushika ndege mwenye uzito wa gramu kumi na ushei, humpima bawa, humtazama mafuta chini ya ngozi ya kifua, humwandika na kumwachia, kisha hurudi wavuni. Anayeshika vibaya huvunja bawa, kwa hiyo mwanafunzi haruhusiwi kushika hadi aliyemtangulia aridhike na mkono wake. Ni ufundi wa kupokezana mkono kwa mkono, kama wa mchonga milango wa Lamu. Na matokeo yake ni makubwa kuliko ukubwa wa timu: pete zilizoandikwa jina la makumbusho ya Nairobi zimepatikana Mashariki ya Kati, Urusi na Ulaya, na ramani ya njia za ndege wale wadogo imechorwa kwa sehemu kubwa na watu waliokesha Ngulia kwa hiari yao. Wakenya vijana walioanza kwa kubeba miti ya nyavu sasa ndio wanaofundisha.

Hadithi ya miti ilikwenda sambamba na ya ndege, ila yenyewe ilibebwa na wanawake. Juni 1977 Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na Green Belt Movement ikaanza. Mwanzoni wataalamu wa misitu walitilia shaka uwezo wa wanawake wasio na vyeti kuotesha miti. Wanawake wakaotesha. Walikusanya mbegu za miti ya kienyeji karibu na nyumba zao, wakajaribu katika vyungu vilivyovunjika na makopo, wakafundishana kijiji kwa kijiji ni mbegu gani hulowekwa na ipi hupandwa kavu. Tofauti na wapenda ndege, wao walipewa malipo kidogo kwa kila mche uliostawi, na uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Kujitolea kusikozingatia kwamba mtu ana watoto wa kulisha huwa ni kwa ajili ya wenye nafasi tu.

Suala hilo la riziki lilijitokeza kwa ukali zaidi pwani, katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, na ndani yake wamo ndege wachache wanaopatikana sehemu chache mno duniani, akiwemo bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na sayansi katika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliouzunguka waliuona kama ghala la nyani na tembo waharibifu, na hawakuficha kwamba wangependa ufyekwe wapate mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo, wenye kituo katika magofu ya Gede. Wakulima walifundishwa kunasa vipepeo jike msituni, kuwatagisha, kulisha viwavi kwa majani yanayowafaa, na kuwauza wakiwa bado ndani ya vifuko kwa nyumba za maonesho za Ulaya na Marekani. Ili kufaulu, mkulima alilazimika kujua mmea gani hulisha kiwavi gani na unaota wapi. Msitu ukawa na thamani kwa sababu watu waliujua kwa undani, na walijua kwa undani kwa sababu ulianza kulipa ada za shule.

Pembeni mwa msitu huo huo, katika hori la Mida, shirika la A Rocha Kenya lilijenga daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege wa pwani. Viingilio vyake husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na msitu. Shirika hilo limekuwa likiwapokea vijana wa kujitolea katika kituo chake cha Watamu, na huko ndiko baadhi ya wavisha pete wa leo walikoshika ndege wao wa kwanza.

Mbali na pwani, tangu Januari 1991, wataalamu wa makumbusho na wanachama wa Nature Kenya wamekuwa wakihesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Watu hugawanywa katika makundi, kila kundi hupewa kipande cha ufuo, na wote huanza pamoja asubuhi ili ndege wasihesabiwe mara mbili. Heroe huhesabiwa kwa mafungu: unahesabu mia moja, unalikariri eneo walilojaza, kisha unalipima ziwa kwa kipimo hicho. Mtu hukosea sana mara ya kwanza, ndiyo maana anayeanza huwekwa na mzoefu. Mwaka 1999 makumbusho na Nature Kenya zilichapisha orodha ya maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini, na sehemu kubwa ya taarifa zake zilitokana na macho ya watu wa kujitolea. Orodha hiyo ikaleta hatua iliyofuata, ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote: kuunda vikundi vya wenyeji katika maeneo hayo, wafundishwe kuhesabu na kuandika wao wenyewe, badala ya kumsubiri mgeni kutoka Nairobi.

Kimoja cha vikundi hivyo kiko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki. Ni nchi ya miti ya mrihi, mashamba ya mananasi na tanuri za makaa, na wanakikundi wake walipaza sauti pia pale ilipopendekezwa sehemu kubwa ya pori lao ifyekwe kupandwa mibono ya mafuta. Mpango huo haukutekelezwa. Dakatcha ndiko pia kilikotatuliwa kitendawili cha miaka mia moja. Kwera wa Clarke, ndege wa rangi ya manjano na nyeusi anayepatikana katika kaunti ya Kilifi peke yake, aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Makundi yake yalionekana Arabuko-Sokoke kwa miezi fulani, kisha yakapotea. Hakuna aliyejua wanakozalia. Wengi walikuwa wakitazama juu, kwenye vilele vya mirihi.

Machi 2013, wanakikundi wa Dakatcha wakiwa pamoja na Fleur Ng'weno walikuta viota. Havikuwa mtini. Vilifumwa kwenye majani marefu ya jamii ya ndago, katika bwawa la msimu ambalo hujaa mvua zinaponyesha na hukauka mwaka ukiwa mbaya. Taasisi kubwa zenye fedha hazikuwa na habari. Waliofika walikuwa mama wa matembezi ya Jumatano na wakulima wa eneo hilo waliofundishwa kuandika wanachokiona, na walifika kwa sababu kuna mtu aliyekuwepo pale mvua iliponyesha. Tangu siku hiyo kumlinda kwera huyo kuna maana mpya: kuyalinda mabwawa madogo ambayo kabla ya hapo hayakuwa hata katika mazungumzo.

Ushindi huo haupaswi kuficha ugumu unaobaki. Kijana wa Dakatcha anayehesabu ndege kwa hiari hulipa bodaboda kutoka mfukoni, na darubini moja nzuri bado ni mshahara wa miezi kadhaa. Vikundi vingi huchangamka mradi ukiwa na mfadhili, na hudhoofu ufadhili unapokoma. Taasisi zinazofaidika na takwimu za hawa watu zingefanya haki kama zingelipa nauli na chakula cha mchana kwa kila siku ya kuhesabu, na kuandika majina ya waliohesabu katika ripoti, jambo ambalo wachuna ngozi wa 1909 hawakulipata.

Njia za kuingia, hata hivyo, ni nyingi kuliko zilivyowahi kuwa. Mwaka 1989 kitabu cha atlasi ya ndege wa Kenya kilichapishwa kutokana na kumbukumbu za wapenzi wa ndege; kazi hiyo sasa imechukuliwa na Kenya Bird Map, ambapo nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Mtu huchagua mraba, hutembea ndani yake kwa angalau saa mbili, na huorodhesha kila ndege aliyemwona au kumsikia kwa mpangilio aliowakuta. Orodha hupelekwa kwa simu, na mwenye ujuzi huikagua. Miraba ya Nairobi, Naivasha na Watamu imejaa orodha. Kaskazini, kuelekea Turkana, Marsabit na Mandera, mingi haina orodha hata moja, na mkaazi wa huko mwenye daftari, hata akianza na ndege kumi tu anaowajua kwa uhakika, huenda akawa wa kwanza kuujaza mraba wake.